Kwa mzee, kabla hujasema "kiharusi" au "kichwa tu", tazama saa

Mama mkubwa wangu ana miaka 71 na anashona mpaka leo, cherehani ya miguu, pale barazani kwake Tanga. Asubuhi moja mwaka jana alikuwa anatunga uzi kwenye sindano akamwita mjukuu wake, njoo unitungie manake leo siioni, kuna kitu kinameremeta pembeni kama bati jipya linapigwa na jua. Binti akatunga, akauliza bibi bado unakiona? Akasema nakiona, tena sasa kimekuwa na meno meno kama msumeno na kinazidi kukua. Huyo binti ana miaka 16 na simu haimtoki mkononi, tumeshamgombeza sana kwa hiyo simu, basi akaandika kwenye grupu la familia: "Bibi anaona vimetameta upande wa kulia." Simu inasoma 10:12, yaani saa nne na dakika 12. Alafu 10:21: "Vidole vya mkono wa kulia vimekufa ganzi anasema kama sisimizi wanatembea." 10:30: "Ganzi imefika mdomoni." 10:35: "Anachanganya maneno mkasi kauita kijiko NJOONI."

Bajaji ikaitwa, akapakiwa na kanga ya kushindia nyumbani, na walipofika getini hospitali saa tano kasorobo mama mkubwa anaongea vizuri kabisa anauliza nani amebaki na nguo za watu. Kichwa hakikumuuma hata kidogo.

Huko kwenye grupu sasa ilikuwa vurugu. Mjomba yuko Mombasa anasisitiza aongezewe kidonge cha presha haraka, mwingine anasema aspirini mbili, jirani anasema huyu kapitiwa na upepo tu msimpeleke hospitali atachomwa sindano afe, binamu yangu mmoja anasema ni kipandauso, mbona yeye anacho na huwa kinaanza hivohivo. Kila mtu na jina lake mkononi, na kila mtu ana uhakika. Siwacheki hata mmoja, manake kwa kweli mle ndani ya yale majina yote kulikuwa na kaukweli kadogo kadogo isipokuwa vile vidonge, na hapo kwenye vidonge nitarudi.

Hospitali wakampiga siti skani, ikatoka safi. Akaandikiwa "kiharusi kidogo", akapewa aspirini ya kumeza maisha yote na dawa ya kushusha mafuta, na akaambiwa apumzike. Familia tukalichukua neno apumzike tukalifanya sheria. Cherehani ikatolewa barazani ikawekwa chumba cha ndani, ikafunikwa shuka. Asiende sokoni peke yake. Asipande daladala. Mtu aliyekuwa anashona sare za shule za mtaa mzima akawa anakaa kwenye kiti anasubiri kiharusi kikubwa kije. Miezi minane.

Ninachotaka kusema leo ni kitu kimoja na nitakirudia mpaka kieleweke: mzee akipata shambulio la kupita, ushahidi mkubwa kuliko wote hauko kwenye mashine ya hospitali, uko kwa yule aliyekuwa naye chumbani, na ushahidi wenyewe ni mwendo. Ilianza nini, ikaja nini, kati yake dakika ngapi, ikaisha vipi. Sisi tunafika hospitali na jina tayari, "tumemleta ana stroku", "tumemleta presha imepanda", na mwendo tumeuacha nyumbani. Na daktari mwenye foleni ya watu arobaini nje anaandika lile jina tulilomletea.

Kuna daktari mmoja wa ubongo aliitwa C. Miller Fisher, Mkanada, alifanya kazi miaka mingi Massachusetts General Hospital kule Boston. Huyu ndo alionyesha mwaka 1951 kwamba kuziba kwa mshipa mkubwa wa shingoni kunaleta kiharusi, na kwamba mara nyingi kabla kiharusi hakijaja mgonjwa hupata vile vishambulio vya dakika chache vinavyopita. Yaani huyu ndo mmoja wa waliowafundisha madaktari duniani kuogopa shambulio linalopita, wasilidharau. Sasa mtu huyohuyo mwaka 1980 akaandika juu ya wagonjwa 120, wote wamepita miaka 40, waliopata mashambulio ya namna hiyo, macho, ganzi, maneno kugoma, mishipa yao ikapigwa picha ikakutwa haina tatizo. Akasema hawa wengi wao siyo mishipa kuziba, hawa ni kipandauso cha uzeeni, kimekuja na zile dalili zake za mwanzo lakini kichwa chenyewe mara nyingi hakiumi. Hilo ndo linalotuchanganya wote, kipandauso bila maumivu ya kichwa. Mtu anakwambia hawezi kuwa na kipandauso kwa sababu kichwa hakimuumi na we unaona ana haki.

Na siyo kitu cha ajabu cha mtu mmoja kati ya milioni. Kule Framingham, mji ulioko jimbo hilohilo la Massachusetts ambao wakazi wake wanafuatiliwa afya zao tangu 1948, ripoti ya mwaka 1998 iliangalia watu 2,110 ikakuta 26 walishawahi kuona vimetameta vya namna hii, wengi wao vilianza baada ya miaka 50, na zaidi ya nusu hawajawahi kuumwa kichwa pamoja navyo. Ishirini na sita kati ya elfu mbili na mia moja ni wachache, lakini chukua mtaa wako wenye wazee mia mbili uone, hukosi wawili watatu, na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Kinachotokea kichwani ni hiki, na mi naona mtu akishakielewa hasahau tena. Mwaka 1944 mtafiti wa Brazili, Aristides Leão, akiwa Harvard, aliona kwenye ubongo wa sungura wimbi la seli kuwaka alafu kuzimika likitambaa polepole juu ya ubongo. Miaka mitatu kabla yake Mmarekani Karl Lashley, yeye mwenyewe alikuwa na kipandauso, alikaa akachora vimetameta vyake vinavyokua karatasini akapiga hesabu, akasema kitu hiki kinatembea kwenye ubongo kama milimita 3 kwa dakika. Zikaja kuoana hizo habari mbili. Milimita tatu kwa dakika, hata konokono anaenda mbio kuliko hapo. Likipita kwenye sehemu ya kuona, unaona msumeno unaong'aa unakua taratibu, nyuma yake panabaki giza. Likifika sehemu ya kuhisi, ganzi inaanza vidoleni inapanda. Na hapa ndo palinishangaza: ganzi ya mama mkubwa ilitoka mkononi ikaenda moja kwa moja mdomoni, bega haikuligusa. Sisi tuliona kama uchawi. Kumbe kwenye ubongo eneo la mkono na eneo la mdomo ni majirani, ukuta kwa ukuta, ndo maana wimbi likitoka kwa huyu linaingia kwa yule. Ukirudi kwenye meseji za yule binti, 10:12 macho, 10:21 vidole, 10:30 mdomo, 10:35 maneno, unaliona wimbi lenyewe linavyohama. Na lugha yetu ilishaliona zamani, tumekiita kipandauso, kitu kinachopanda.

Kiharusi kwa kawaida hakipandi. Mshipa ukiziba ni kama umeme kukatika, mtaa mzima unazima kwa pamoja, mkono na mdomo na maneno vinaondoka sekunde hiyohiyo, alikuwa ameshika kikombe kikaanguka. Na kiharusi kwa kawaida kinaondoa, hakiongezi: nguvu inaondoka, kuona kunaondoka, kauli inaondoka. Kipandauso kinaanza kwa kuongeza, mwanga usiokuwepo, sisimizi wasiokuwepo, alafu ndo kinaondoa. Kila dalili ya kipandauso inachukua kama dakika tano au zaidi kutanda, na inakaa kati ya dakika 5 na saa nzima, moja inaisha nyingine inaingia. Hata jicho lina swali lake. Mama mkubwa alisema jicho la kulia, wengi husema hivyo, lakini daktari aliyekuja kumsaidia baadaye alimwuliza, "Mama, ulijaribu kufumba jicho moja moja?" Akasema nilifumba la kulia nikaendelea kuviona na la kushoto. Basi halikuwa jicho, ni upande wa kulia wa macho yote mawili, na hiyo inatoka kwenye ubongo. Ingekuwa ni jicho moja tu limeingia giza kama pazia limeshuka, hiyo ni habari nyingine kabisa ya mshipa wa jicho au wa shingo na ni ya kukimbilia.

Sasa naomba mtu asichukue haya maneno akayafanya ruhusa ya kukaa nyumbani. Hapa ndo naogopa zaidi ninavyoandika.

Shambulio la kwanza la namna hii kwa mtu aliyepita miaka 50 ni la hospitali, siku hiyohiyo, hata liwe limepanda taratibu namna gani, hata liwe limekwisha. Kwanza kwa sababu mwendo hausemi kweli kila mara. Kuna ugonjwa wa wazee ambapo protini inayoitwa amiloidi inajibandika kwenye kuta za mishipa midogo ya juu ya ubongo, mishipa inakuwa kama mpira wa baiskeli uliooza na jua, inavuja tone tone. Na yale matone yakivuja yanaweza kuleta ganzi inayopanda taratibu kutoka vidoleni mpaka mdomoni, sawasawa kabisa na kipandauso, mtu ukimsikiliza huoni tofauti. Sasa tazama mtego ulivyo. Watatu wanakuja na hadithi moja. Wa kwanza ni mshipa umeziba ukafunguka, huyu aspirini inamwokoa. Wa pili ni kipandauso, huyu aspirini ya maisha haina kazi kubwa kwake zaidi ya kumchubua tumbo. Wa tatu ni amiloidi inavuja, huyu aspirini inaweza kumtoa damu kichwani akafa. Anayeweza kumtofautisha wa tatu ni MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, iliyopigwa kwa namna ya kutafuta damu ya zamani. Siti skani ya kawaida vitone vile vidogo haivioni.

Na hiyo siti skani tuielewe. Watu wakiambiwa "picha iko safi" wanashukuru Mungu wanarudi nyumbani. Kazi yake kubwa saa za mwanzo ni kuonyesha kama kuna damu imemwagika. Kiharusi cha mshipa kuziba saa za mwanzo kinaweza kisionekane kabisa, na kile cha kupita ndo karibu kila mara hakiachi alama humo. Picha safi haisemi ni kipandauso, na wala haisemi ni kiharusi kidogo, imesema tu sioni damu. Baada ya hapo kinachobaki ni hadithi, ndo mana nasema hadithi ije imekamilika.

Jirani yetu mmoja, mzee wa miaka 78, yeye yalimkuta kinyume. Kichwa kilimuuma wiki mbili mfululizo, asubuhi zaidi, akawa anameza panadoli, kila mtu anamwambia mzee ni uchovu tu na jua hili. Mguu wa kushoto ukaanza kuburuza kidogo. Wakabadilisha, sasa wakasema kiharusi, akaanza kupelekwa kukandwa mguu. Mkewe ndo alikuja kukumbuka, tena akiwa jikoni wala hakuna aliyemuuliza, kwamba mwezi na kitu nyuma aliteleza pale anapotawadhia akajigonga kisogo, hakutoka damu, akasimama akaenda kuswali, wakasahau. Alipopelekwa kupigwa picha ikakutwa damu imejikusanya kati ya fuvu na ubongo, inaukandamiza. Uzeeni ubongo unasinyaa kidogo, ile mishipa midogo inayouunganisha na ngozi yake ya juu inakuwa imevutika, kagongo kadogo tu kanaikata, na damu inavuja kwa wiki nzima nzima kimyakimya. Walimtoboa fuvu wakaitoa damu na baada ya siku chache mguu ukarudi. Fikiria kama wangemuanzishia dawa za kuzuia damu kuganda kwa ajili ya "kiharusi" chake. Swali la "je alianguka miezi hii miwili?" halina gharama yoyote, na kwa mzee liulizwe kila anapolalamika kichwa kipya, hata akisema ni kuteleza tu.

Kuna na ugonjwa mwingine ambao huku kwetu hautajwi sana kwa sababu unaonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, lakini haubagui kiasi hicho tunachodhani. Mishipa ya pembeni mwa kichwa inavimba kwa ndani, kwa mtu aliyepita miaka 50 na hasa akifika sabini na kuendelea. Kichwa kinauma upya, kufunga kilemba kunauma, kuchana nywele kunauma, na taya linachoka akitafuna, anaanza kula nyama anaiacha katikati anasema taya limechoka. Huyu anaweza kupofuka jicho ghafla, na kiharusi chenyewe kinaweza kumpata kupitia ugonjwa huo. Dawa yake ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, na inaanzwa siku hiyohiyo anayohisiwa, haingoji majibu yote. Ukisikia mzee ana kichwa kipya na taya, usimnunulie panadoli.

Sukari nayo naitaja kwa mstari mmoja kwa sababu inatibika kwa dakika: mgonjwa wa kisukari aliyemeza dawa akaruka chakula anaweza kulegea upande mmoja na kuongea ovyo kama mtu wa kiharusi kabisa, pimeni sukari kwanza, hata kama kifaa ni cha jirani.

Turudi kwenye vile vidonge vya mjomba. Presha ikipimwa ikakutwa juu wakati mzee amelegea, sisi tunaona tumempata mwizi, kumbe mara nyingi presha imepanda kwa sababu ya hilo shambulio lenyewe, au maumivu, au hofu ya kubebwa na watu sita kwa makelele. Kama mshipa umeziba, ubongo unahitaji ile presha kusukuma damu ipite njia za pembeni. Madaktari wenyewe, kama hawampi mgonjwa dawa ya kuyeyusha donge, wanaiacha bila kuishusha kwa haraka mpaka ivuke 220 kwa 120. Sisi tunamtobolea nifedipini, dawa ya kushusha presha, chini ya ulimi, presha inaporomoka, na kile kipande cha ubongo kilichokuwa kinapigania uhai kinakufa mikononi mwetu. Aspirini nayo kabla ya picha ni kamari, hujui kama ndani pameziba au pamepasuka. Na wale wa kumywesha chai au maji mtu aliyepinda mdomo, inaingia mapafuni. Mlaze, mlegezee nguo, pima sukari, tazama saa, nendeni.

Na saa hapo ina kazi mara mbili. Kama ni kiharusi kweli, dawa ya kuyeyusha donge inatolewa ndani ya masaa manne na nusu, na hayo masaa yanahesabiwa tangu mara ya mwisho mtu alipoonekana mzima. Wakati huo ubongo unapoteza seli kama milioni 1.9 kila dakika, hesabu iliyotolewa na Jeffrey Saver mwaka 2006. Hospitali zenye hiyo dawa kwetu ni chache najua, lakini hata ukifika kwenye ile wanayo, ukishindwa kusema saa ngapi alikuwa mzima mara nyingi hawawezi kumpa. Ukijibu "asubuhi asubuhi hivi" umefunga mlango kwa mkono wako. Kwa hiyo iwe ni kiharusi, iwe ni kipandauso, iwe ni amiloidi, swali la kwanza ni lilelile, saa ngapi.

Kuna mtu atasema basi bora tukose upande wa usalama, kila kitu tukiite kiharusi. Mlangoni pa hospitali nakubaliana naye kabisa. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kuanzia 2003 mpaka 2006 ulihesabu viharusi 636 kwa miaka mitatu, na ukisawazisha umri Dar ilifika karibu watu 316 kwa kila laki moja kwa mwaka, Hai kama 109, na hiyo ya Dar ilikuwa juu kuliko tafiti nyingi za nchi tajiri. Kiharusi ni chetu, kipo, kinaua, na hatari ya kile cha kupita kugeuka kikubwa iko juu zaidi siku mbili za mwanzo. Mlangoni mzee achukuliwe kama ana kiharusi. Ninachokataa ni lile jina kubaki kwake milele bila mtu kulirudia. Jina la kiharusi kwa mtu asiye nacho siyo usalama. Mama mkubwa alipungua kilo, akaacha kucheka, tumbo likaanza kumchoma kwa aspirini, na lile shambulio la pili lilipokuja akiwa amekaa kwenye kiti chake alilia akaaga watoto.

Baada ya la tatu ndo tukampeleka Dar kwa daktari bingwa wa ubongo. Alimuuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Ujanani kichwa kilikuwa kinakusumbua? Mama mkubwa akasema, "Mwanangu, kichwa kilinitesa mpaka nilipokoma hedhi, siku zikikaribia nilikuwa najifungia chumbani giza natapika." Sisi watoto wote tumekaa pale hatujui. Akauliza mashambulio matatu yamefanana? Yamefanana. Yalianzaje, yakaendaje, dakika ngapi? Hapo kila mtu akaanza kuongea lake, mpaka yule binti akatoa simu akafungua grupu akapanda juu mpaka siku ile, akamkabidhi daktari. Daktari alizisoma zile meseji nne taratibu. Akasema hizi ni bora kuliko ripoti mlizoniletea. Hakuishia hapo, alitaka MRI na akapima mishipa ya shingo na moyo, ilituchukua wiki sita kupata hela yote, na hakumwachisha aspirini mpaka majibu yote yametoka. Hapakuwa na damu ya zamani, hapakuwa na kovu la kiharusi, akasema hiki ni kipandauso. Presha yake ipo na anaimeza dawa yake kila siku kama kawaida, hiyo haikuondolewa.

Akamwambia pia asiguse vile vidonge vya kipandauso vyenye ergotamini ambavyo maduka mengine ya dawa wanampa mtu kwa kuulizia tu, vinabana mishipa, na kwa mtu wa umri wake mwenye presha vinaweza kumletea kiharusi chenyewe tulichokuwa tunakikimbia. Na akampa mpaka. Likija lilelile, vimetameta kwanza, likapanda vilevile, likaisha ndani ya saa, aandike. Likija tofauti, ghafla, au mkono ukaishiwa nguvu badala ya ganzi, au jicho moja likazima, au kichwa kikapasuka kwa maumivu ambayo hajawahi kuyapata, asiandike chochote, apelekwe.

Cherehani imerudi barazani. Pembeni yake kuna daftari la shule la kurasa 40 limefungwa na uzi kwenye mguu wa meza ili wajukuu wasiondoke nalo, na saa ya ukutani imehamishwa kutoka sebuleni imetundikwa hapo mbele yake. Nilipoenda mwezi uliopita nililifungua. La mwisho kaandika kwa mkono wake, herufi kubwa kubwa: "Jumatano saa kumi na dakika tano. Vimeta kulia. Ganzi vidole saa kumi na robo. Mdomo haikufika. Imeisha saa kumi na nusu. Kichwa hakikuuma. Kola nne zimebaki."